Mhitaji Namba 213

Sogeeni, jazaneni, mikeka ipo, na aliye na karanga azizungushe, maana habari hii si ya kusikilizwa na mdomo mtupu. Ilitokea huko Mbwembweni, nchi iliyo mbali sana na hapa, mbali kiasi kwamba yeyote atakayedhani anaifahamu basi macho yake yamemdanganya.

Mbwembweni kulikuwa na tatizo moja tu: vijana wa vyuo hawakuwa na moyo. Aliyeligundua ni Mheshimiwa Daktari Injinia Gaudensi Mpembuzi, siku aliyopita karibu na chuo ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, akaona wanachuo watatu wamekaa juu ya ukuta wanacheka. Mtu anayecheka saa nne asubuhi, akasema, hawezi kuwa na moyo wa kuitumikia jamii. Wiki haikwisha, ikatungwa Sheria ya Kujitolea kwa Lazima. Kisha ikaundwa Kamisheni ya Moyo, naye kwa unyenyekevu mkubwa akakubali kuwa Kamishna Mkuu, baada ya kulipendekeza jina lake mwenyewe mara mbili.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi kama unyoya. Mwanachuo hahitimu mpaka atimize saa mia moja za kuihudumia jamii. Kila saa iwe kamili. Ikipungua dakika moja, imekwenda na maji. Kila saa iwe na fomu yake, fomu ipigwe dole gumba la mhudumiwa, ibandikwe na picha ya mhudumiwa huyo akitabasamu, meno yasiyopungua sita yakionekana. Na mhudumiwa awe mhitaji halali, yaani mwenye Kadi ya Uhitaji iliyogongwa mhuri. Kumsaidia mtu asiye na kadi ni kosa, kwani kunaharibu takwimu.

Hapo penye kadi ndipo mchele ulipoingia mchanga. Mwaka huohuo, kwenye sherehe za Uhuru, Mbwembweni ilikuwa imetangaza kwamba umaskini umekwisha. Uliosalia ni makombo tu, na makombo hayo yalikwisha kuhesabiwa: watu mia mbili na kumi na wawili katika jiji zima.

Wanachuo walikuwa elfu kumi na tisa.

*

Mmoja wao ni Sikudhani, binti wa Bi Hadia wa Mtaa wa Vumilia, mwaka wa tatu, masomo ya ukunga. Msichana mwenye mikono mipole na mdomo usio mpole sana. Katika mafunzo yake alikwisha kupokea watoto kumi na saba, akawakata vitovu, akawakabidhi kwa mama zao wakilia vizuri. Hakuna hata mmoja aliyehesabika. Kichanga hana kadi, na akitabasamu, hana jino.

Kwa hiyo saa zake alizitafuta kama wenzake, kwa kuamka mapema na kusukumana. Ilipofika Jumatano ya wiki ya mahafali, alikuwa nazo tisini na tisa. Bado moja. Jumamosi ni joho, na asiye na mia havai.

Ingekuwa ni yeye peke yake, angesema hewala, mwakani. Lakini Bi Hadia alikuwa mtu wa watu. Siku ile mwanawe alipofaulu mtihani wa mwisho, alitoka mlangoni akawaambia majirani wawili, na majirani wawili wa Vumilia ni sawa na redio. Sare ya kitenge cha njano yenye picha za kuku ilikwisha kushonwa. Shangazi walikuwa tayari wamewasili kutoka bara na matenga yao, wameshika chumba cha Sikudhani, ukumbi na nusu ya jiko. Nyumba ilikuwa na watu thelathini na wanne na wote walikuwa wakizungumza.

"Mkunga wetu," akasema Shangazi Mwatumu, mkubwa wa shangazi wote kwa umri na kwa sauti, "hilo joho lina mifuko? Maana siendi kwenye mahafali halafu nikakosa pa kuweka bagia."

"Shangazi, bado nina saa moja."

"Saa moja si ndogo? Kaa hapo, itapita."

*

Vumilia nzima ilikuwa na mhitaji mmoja tu mwenye kadi: Mzee Ngwali, mhitaji namba 88. Zaidi ya kadi, alikuwa na meno tisa, yote mbele. Wahitaji wenye meno mawili walikuwa wakipitwa tu kama nguzo za umeme, lakini Ngwali alikuwa lulu. Wanachuo walitoka mpaka ng'ambo ya jiji kuja kumhudumia.

Walianza kwa kumpakia rangi geti lake. Lilipakwa la kijani, likapakwa la buluu, likapakwa tena la kijani. Lilipopakwa mara ya arubaini na moja likawa nene kama godoro, halifunguki, na tangu hapo mzee akawa anaingia na kutoka kupitia dirishani. Uwanja wake ulifagiliwa mpaka ukaishiwa taka. Ikabidi wanachuo waje na taka zao kwa viroba, wazimwage, wazifagie, wapige picha. Kisha zilizofagiliwa, viroba na vyote, zikatupwa mtaroni, ule mtaro mkubwa uliopita mbele ya nyumba zote za Vumilia. Mtaro haukuwa na kadi, wala haukulalamika.

Sikudhani alimkuta mzee dirishani, mguu mmoja ndani mmoja nje, anapumzika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Una miadi?"

"Ninayo. Ijumaa, saa nne. Uliniandika mwenyewe kwenye daftari."

Mzee Ngwali akalamba kidole, akafunua daftari. "Ijumaa saa nne. Sikudhani. Kukunwa mgongo."

"Babu, tulisema kukufulia."

"Nguo zangu zimefuliwa mpaka zimekuwa chandarua, mjukuu wangu. Nilichobakiza ni mgongo. Hutaki, niwaambie wa uhandisi, wana hamu nao."

"Nautaka, babu. Nautaka sana huo mgongo."

Akiwa anarudi nyumbani akasimama kwenye ukingo wa mtaro. Maji yalikuwa meusi, yamevimba, hayaendi popote. Vitoto vya jirani vilikuwa vinakohoa mwezi wa pili, na yeye kama mkunga alijua wajawazito wanne wa mtaa ule wanaovuka hapo kila siku kwa ubao mmoja uliooza. Kuuzibua ilikuwa kazi ya saa moja tu kwa watu kumi. Akafikiri: kama hapa hapahitaji huduma, basi neno huduma lina maana gani?

Mtu wa kumjibu alikuwepo, tena ana ofisi.

*

Ofisi ya Kamisheni ya Moyo ilikuwa na zulia jekundu na mlango mzuri wa mninga, unaong'aa. Karani wa Kamishna, Bwana Tofiki, mtu mwembamba aliyebeba mkoba wa mihuri kifuani kama mama abebavyo mtoto, akamwingiza Sikudhani Alhamisi asubuhi.

Mheshimiwa Mpembuzi alimsikiliza huku amefumba macho, dalili ya hekima au ya chai nzito.

"Mtaro," akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Umeziba. Naomba nikauzibue, iwe ndiyo saa yangu ya mia."

"Huo mtaro una kadi?"

"Hauna, Mheshimiwa."

"Una dole gumba?"

"Ni mtaro, Mheshimiwa."

"Utatabasamu?"

Sikudhani akafikiri. "Ukizibuliwa, huenda."

"Binti yangu," akasema Kamishna, akasimama, akaliendea dirisha kama mtu anayetazama umati ambao haupo, "huduma isiyo na dole ni uvivu uliovaa gamubuti. Taifa hili halikujengwa kwa kuzibua. Lilijengwa kwa kuzindua. Leo nikiruhusu mtaro, kesho utaniletea choo. Keshokutwa daraja. Tutakuwa na wanachuo waliotapakaa nchi nzima wanafanya mambo ambayo hakuna mtu wa kuyatabasamia. Tofiki, hili neno zuri, liandike."

"Nimeliandika, Mheshimiwa, tangu 'binti yangu.'"

"Halafu," akaongeza Kamishna, "mtaro wa Vumilia haujaziba. Nina ripoti. Na kesho nitakuja mwenyewe kuzindua Wiki ya Moyo hapohapo mtaani kwenu, niwaonyeshe vijana mfano. Nitampakia rangi geti mhitaji namba 88. Saa nne kamili."

Sikudhani akamfuata dirishani. "Mheshimiwa, saa nne ni yangu. Nina mgongo."

"Mgongo wako utangojea. Mwakani kuna miezi kumi na miwili."

*

Ijumaa mvua haikunyesha; ilimwagwa. Ilianza alfajiri, na ilipofika saa nne kasoro ikakoma ghafla, ikaacha Mtaa wa Vumilia umekuwa ziwa. Mtaro ulikuwa umejaa ukafurika, maji yakasambaa sawasawa kutoka nyumba hadi nyumba, hujui mtaro unaanzia wapi na barabara inaishia wapi. Wenyeji walijua. Walivuka wakihesabu: kutoka nguzo ya Bi Hadia, hatua sita, kisha panda ubao.

Gari la Kamishna likasimama mwisho wa mtaa. Akashuka na suti ya rangi ya maziwa na viatu vyeupe, brashi ya rangi mkononi imefungwa utepe. Mpiga picha mbele, Tofiki nyuma na mkoba. Kila dirisha lilikuwa na vichwa. Kwenye baraza ya Bi Hadia shangazi wote walikuwa wamekwisha kuvaa sare, eti wanaijaribu, kuku wa njano watupu. Sikudhani alikuwa katikati yao, amejikunyata, fomu yake ya mwisho ndani ya mfuko wa nailoni, haina dole wala picha.

"Huyo ndiye aliyechukua saa yako?" akauliza Shangazi Mwatumu.

"Ndiye."

"Kitambi anacho. Moyo ndio sijauona."

Kamishna aliinua mkono kuwasalimu wananchi. "Wananchi wa Vumilia," akasema, akatembea kwa mwendo wa picha, uso juu, "kama mnavyoona wenyewe, mtaro huu haujazi..."

Akapotea.

Hakupotea mwili mzima. Kuanzia kwapa kwenda juu alibaki, na brashi. Maji yalitulia yakamzunguka.

"Nimesimama juu ya kitu," akasema Kamishna polepole. "Hapana. Kitu kimenishika."

Vilikuwa ni viroba. Viroba mia kadhaa vya taka za kujitolea, vimeshikamana na matope na matawi, na miguu yake yote miwili ilikuwa imeingia katikati yao kama mihogo ardhini.

"Nitoeni," akasema.

Hakuna aliyesogea. Si kwamba hawakutaka. Watu wa Vumilia wana huruma mpaka kwa kunguru. Lakini wiki mbili nyuma binti mmoja wa pale alikuwa amemtwisha jirani ndoo ya maji bila kadi, akasimamishwa chuo.

Mzee Ngwali akatokeza kichwa dirishani kwake. "Ana kadi huyo?"

"Mimi ni Kamishna," akasema Kamishna.

"Sikuuliza cheo, nimeuliza kadi."

Mheshimiwa akamtazama karani wake. "Tofiki."

"Mheshimiwa, mikono yangu iko tayari," akasema Bwana Tofiki kwa uchungu wa kweli, "ila Kanuni ya Tisa ni ya mkono wako. Tukikugusa bila kadi, tumekuhudumia kiharamu." Akafungua mkoba. "Lakini kadi tupu ninazo."

Maji yakapanda kidogo, yakagusa fundo la tai.

"Jaza," akasema Kamishna.

"Jina nalijua. Kazi, nimeandika 'hapo awali Kamishna.' Je, mwombaji anaweza kujisaidia mwenyewe?"

"Tofiki."

"Ni ndiyo au hapana, Mheshimiwa."

"Hapana."

"Mwombaji amekuwa katika hali hii kwa muda gani?"

"Dakika nne."

"Fomu inaanzia miaka mitatu. Nitaandika 'muda mrefu.' Mwisho, mwombaji atamke mbele ya mashahidi wawili kwamba yeye ni mhitaji."

Mashahidi walikuwepo mia mbili na hamsini. Kamishna akameza mate, na pamoja na mate akameza na mengine.

"Mimi," akasema, "ni mhitaji."

Mhuri ukagongwa. Mhitaji namba 213. Na kabla wino haujakauka, Sikudhani alikwisha kushuka barazani, amejifunga kanga kiunoni, anahesabu hatua zake sita.

"Saa nne na dakika kumi na mbili," akatangaza Tofiki, jicho kwenye saa. "Huduma imeanza."

*

Kwanza alimvuta. Hakutoka. Akamvuta na Bi Hadia ameushika mkono wa pili. Suti ikatoa mlio, mtu hakutoka. Sikudhani akazamisha mkono ndani ya maji meusi, akapapasa taratibu, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Alikwisha kuifanya kazi ya kupapasa gizani, na alijua jambo moja: kinachokwama hakivutwi, kinafunguliwa njia.

"Mheshimiwa amekaa vibaya," akasema. "Tukimvuta tutaiacha miguu yake humu. Mama, nipe jembe. Shangazi, hivi viroba lazima vitoke vyote, kuanzia kule chini."

"Na sare hizi?" akauliza mmoja.

Shangazi Mwatumu alikuwa tayari amepandisha kuku wake mpaka magotini. "Sare zinafuliwa. Mkunga wetu keshasema sukumeni."

Basi wakaingia. Wakaingia shangazi, wakaingia majirani, akaingia hata dereva wa Mheshimiwa, ambaye alionekana kuifurahia kazi ile kuliko ilivyopasa. Wengine kwa majembe, wengine kwa sufuria, mstari mmoja wa kupokezana viroba kutoka mkono hadi mkono. Shangazi mmoja akaanzisha wimbo wa kutwanga, wengine wakaitikia, na kila kiroba kilipotoka kilitolewa maneno. "Hiki ni cha wa uchumi, tazama, kina kalamu." "Hiki cha wa sheria, kizito na ndani hamna kitu."

Wajawazito wawili wakaleta chai ya tangawizi na vitumbua. Sikudhani akamlisha mhitaji wake kitumbua kimoja, maana mikono yake ilikuwa michafu, na mtu aliyekwama anasikia njaa.

"Binti," akanong'ona Kamishna na kitumbua mdomoni, "haya maji yananuka."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu Wiki ya Moyo iliyopita."

Saa tano kamili kiroba cha mwisho kilichopokea uzito wa vyote kikachomoka. Mtaro ukatoa sauti ndefu, sauti ya mtu aliyefungua mkanda baada ya pilau, na maji yote ya Vumilia yakaanza kukimbia. Yakashuka kifuani kwa Kamishna, yakashuka kiunoni, yakashuka magotini, mpaka akabaki amesimama ndani ya mtaro mtupu na kiatu kimoja. Mtaa ukashangilia. Akainua mguu atoke.

"Mheshimiwa, samahani," akasema Tofiki. "Bado dakika kumi na mbili."

"Lakini nimeokoka."

"Saa isiyotimia imekwenda na maji, na maji yenyewe ndiyo hayo yanakwenda. Ukitoka sasa, huduma itafutwa. Huduma ikifutwa, kuokolewa kwako kutakuwa ni haramu, itabidi turudishe viroba."

Kamishna akamtazama Sikudhani. Naye Sikudhani alisimama na fomu yake mkononi. Angemwomba, lakini alikwisha kuomba jana.

Mheshimiwa Daktari Injinia akashusha mguu. Akakaa kwenye ukingo ndani ya mtaro, akangoja dakika kumi na mbili, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe akawatazama watu mmoja mmoja. Shangazi Mwatumu akaketi karibu yake, akamwambia habari za magoti yake, naye akasikiliza.

Saa tano na dakika kumi na mbili dole gumba likapigwa. Wino haukuhitajika, matope ya Vumilia yalitoa alama safi kuliko alama zote zilizopata kuonekana katika Kamisheni.

"Picha," akasema mpiga picha. "Meno sita."

Kamishna alijaribu. Yakatoka mawili.

"Baba, cheka bwana," akasema Shangazi Mwatumu. "Huyu binti keshazalisha watoto kumi na saba, na wewe ndiye wa kwanza kutoka na kiatu."

Yakatoka yote. Thelathini, ukitoa la dhahabu.

*

Jumamosi Sikudhani alivaa joho. Halikuwa na mifuko, lakini Shangazi Mwatumu alikwisha kuleta tenga. Kuku wa njano waliofuliwa usiku kucha walipiga vigelegele kabla jina lake halijaitwa, lilipoitwa, na majina mengine sita yaliyofuata, kwa usalama.

Sasa, kadi. Kanuni ya Kumi na Moja, nayo ya mkono uleule, ilisema aliyeingia kwenye orodha ya wahitaji hatoki ila kwa kufa. Habari zikavuja. Mhitaji mpya, mwenye afya, anapatikana saa za kazi, meno thelathini. Jumatatu asubuhi wanachuo mia nne walikuwa wamejipanga nje ya Kamisheni ya Moyo na ndoo za rangi, na mlango ule mzuri wa mninga ukapakwa wa kijani, ukapakwa wa buluu, ukapakwa tena wa kijani. Wiki ya tatu haukufunguka.

Mzee Ngwali alipita kumjulia hali mwenzake, akamkuta anatoka dirishani, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Tanguliza wa kushoto," akamshauri. "Utazoea."

Ni hapo alipopita Sikudhani na jembe begani. Alikuwa amekwisha kuanza kazi wodini, lakini kila Jumatatu asubuhi kabla ya zamu yake ya mchana yeye na wenziwe wa Vumilia walikuwa wakiukagua mtaro mpaka unapoingilia mto. Hakuna fomu iliyopata kuandikwa.

"Binti," akamwita Kamishna kutoka dirishani, "unakwenda kumhudumia nani?"

"Nakwenda mtaroni, Mheshimiwa."

"Nani atakupigia dole?"

"Hakuna."

"Na picha?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Kuna chai tu."

Kamishna akageuka, akawatazama wanachuo mia nne, brashi mia nne, fomu mia nne zinazongoja atabasamu. Taya zilikuwa zinamuuma tangu wiki iliyopita. Akamtazama tena Sikudhani, akashusha sauti.

"Ningoje kona pale," akasema. "Nikatafute huko mtaroni kile kiatu kingine."